Kuachwa huru mikono mitupu: Wayahudi wa Marekani wanavyoitazama Juneteenth

Kila mwaka ikikaribia Juni 19, siku ya Juneteenth, kuna mjadala unaibuka kwa marafiki zangu Wayahudi wa Marekani, kwamba sikukuu hiyo inawahusu vipi na wao, na kila nikiusimulia kwa watu wa nyumbani naulizwa swali lilelile, hivi hao si ndo wenye sikukuu yao ya kutoka utumwani Misri, sasa wanabishana nini kuhusu sikukuu ya watu weusi kutoka utumwani, si waungane tu washerehekee yaishe? Swali zuri sana. Ila jibu lake limefungana mafundo mengi na watu wengi hii habari wanaijua nusunusu, kwa hiyo leo nimeona nikae niifungue taratibu.

Tuanze na Juneteenth yenyewe maana wengi wanapotelea hapo. Wanadhani ndo siku utumwa ulipofutwa Marekani, na sivyo. Rais Abraham Lincoln alitoa tangazo la kuwaacha watumwa huru Januari 1, 1863, katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe, na tangazo lile lilihusu majimbo ya Kusini yaliyoasi tu, yaani yale ambayo kwa sehemu kubwa serikali yake ilikuwa haiyashiki. Majimbo yenye watumwa yaliyobaki upande wake kama Kentucky na Delaware hayakuguswa kabisa. Sasa Texas ilikuwa mbali huko magharibi, jeshi la Lincoln halijaingia ndani, na cha kusikitisha ni kwamba siku hiyohiyo ya Januari 1, 1863 waasi waliuteka tena mji wa Galveston, bandari ya Texas, kutoka kwa wanajeshi wa Lincoln. Yaani siku karatasi inasema mko huru ndo siku bandari inarudi mikononi mwa wenye watumwa. Na wenye watumwa wa majimbo mengine wakaanza kuwahamishia watu wao Texas ili wasije wakakombolewa, mpaka vita inaisha huko kulikuwa na watu kama 250,000 bado wako utumwani.

Jenerali Robert Lee wa waasi akasalimu amri Aprili 9, 1865, Texas bado kimya. Ni mpaka Juni 19, 1865 ndo Jenerali Gordon Granger wa jeshi la serikali anafika Galveston na askari wake anatoa Amri Namba 3, kwamba watumwa wote wako huru. Miaka miwili na nusu baada ya tangazo! Na hata hapo Kentucky na Delaware watu walibaki watumwa mpaka Desemba 1865, marekebisho ya 13 ya katiba yalipokamilika. Kwa hiyo Juneteenth inakumbuka siku habari ilipofika ikiwa na askari wa kuisimamia, kwa sababu sheria ilikuwepo zamani na haikumsaidia mtu wa Texas chochote. Mimi nadhani usipoishika hiyo tofauti huwezi kuelewa chochote kinachofuata.

Halafu hiyo amri yenyewe watu wananukuu mstari wa kwanza tu. Ukiisoma mpaka mwisho inawaambia walioachwa huru wabaki kwa utulivu pale wanapoishi na wafanye kazi kwa ujira, inawaambia hawataruhusiwa kukusanyika kwenye kambi za jeshi, na kwamba hawatalishwa wakikaa bila kazi, iwe hapo au popote. Hebu fikiria mama aliyechuma pamba maisha yake yote bila senti moja, siku ya kwanza ya uhuru wake serikali inamwonya asije akawa mvivu. Na "pale wanapoishi" ni wapi, si kwenye vibanda vya bwana wao huyohuyo, shamba lake, jembe lake, ghala lake. Naomba hilo likae kichwani maana nitalirudia.

Mwaka uliofuata, 1866, wenyewe wakaanza kuisherehekea, ibada, maombi, kusomwa kwa tangazo, nyama na vinywaji vyekundu, na mwaka 1872 watu weusi wa Houston wakachangishana wakanunua ekari 10 wapate mahali pao pa kusherehekea, na hapo pako mpaka leo panaitwa Emancipation Park. Texas iliifanya sikukuu ya jimbo mwaka 1980. Bibi mmoja wa Fort Worth anaitwa Opal Lee mwaka 2016 akiwa na miaka 89 alianza matembezi kuelekea Washington kudai iwe sikukuu ya taifa zima, na Juni 17, 2021 Rais Biden akasaini na Opal Lee akiwepo palepale.

Sasa upande wa pili. Sikukuu ya Wayahudi ya kutoka Misri ni Pasaka yao, Pesach, inaangukia Machi au Aprili, na moyo wake ni chakula cha usiku kinachoitwa sederi ambacho kinaliwa kwa kufuata kitabu, Hagada, hatua kwa hatua mpaka usiku wa manane. Nimeshakaribishwa kwenye meza hiyo na niseme ukweli sijawahi kuona historia inafundishwa vile. Kila kitu pale unakila. Kuna mkate usiotiwa chachu, mkavu, unavunjika kama biskuti, kwa sababu waliondoka kwa haraka unga haujaumuka. Kuna majani mabichi unayachovya kwenye maji ya chumvi ambayo ni machozi. Kuna mboga chungu, na nyumba nyingi za Marekani wanatumia mzizi fulani mweupe mkali ukikwaruzwa, ukiweka mdomoni unapanda puani moja kwa moja macho yanatoka machozi kweli, mpaka watoto wanashindana nani atavumilia. Halafu haroseti, tufaha na jozi vimepondwa pamoja na mdalasini na divai, tamu, ila rangi yake ni ya udongo kwa sababu ndo udongo wa matofali waliyofyatulishwa. Wakifika kwenye yale mapigo kumi kila mtu anachovya kidole kwenye divai anatoa matone kumi anaweka pembeni ya sahani, kikombe kinapungua, kwa sababu Wamisri walikufa na furaha yako haitakiwi ijae wakati wengine walikufa.

Mtoto mdogo kuliko wote ndo anauliza kwa nini usiku huu ni tofauti, na wakubwa wanajibu: tulikuwa watumwa wa Farao huko Misri. Tulikuwa. Hagada inasisitiza, na inatokana na mafundisho ya marabi wa zamani sana kwenye Mishna, kwamba kila kizazi mtu anatakiwa ajione kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyetoka Misri. Hiyo sentensi ndo imewaweka marafiki zangu kwenye ubishi huu.

Maana hadithi hiyo haikubaki kwa Wayahudi peke yao. Waafrika waliopelekwa utumwani Marekani waliisikia wakajua hii ni yetu. Nyimbo zao za dini zilimtuma Musa ashuke Misri akamwambie Farao. Harriet Tubman, aliyekuwa anarudi Kusini kwa siri kuwatorosha wenzake, walimwita Musa. Na mabwana walijua hatari yake, mwaka 1807 London ilichapishwa Biblia ya kupewa watumwa wa visiwa vya Karibi, imekatwakatwa, na habari ya Musa kuwatoa watu Misri haimo kabisa. Sehemu ya kutii imebaki, sehemu ya kuondoka imetolewa.

Miaka mia moja na zaidi baadaye hizo njia mbili zikakutana. Rabi Abraham Joshua Heschel, mwenyewe aliyekimbia Ulaya ya Hitler, alisema kwenye mkutano wa Chicago Januari 1963 kwamba mkutano wa kwanza kabisa wa dini na rangi ulikuwa kati ya Farao na Musa, na kwamba ile safari ya kutoka Misri ilianza ila bado sana kukamilika. Martin Luther King alikuwepo kwenye mkutano huo, wakawa marafiki, mwaka 1965 Heschel akatembea naye kwenye maandamano ya Selma, Alabama, ya kudai watu weusi waruhusiwe kupiga kura. Aprili 1968 King alikuwa amealikwa sederi nyumbani kwa Heschel. Aprili 3 huko Memphis akahubiri kwamba amepanda mlimani ameiona nchi ya ahadi na huenda asifike huko na wenzake, kama Musa, kesho yake akauawa, na Pasaka ilikuwa bado siku nane tu.

Mwaka mmoja kamili baada ya kifo hicho, Aprili 4, 1969, kwenye kanisa la watu weusi mjini Washington, watu kama 800, Wayahudi na Wakristo, weusi na weupe, walikaa kwenye sederi iliyoandaliwa na mwanaharakati Myahudi Arthur Waskow, hadithi ya Misri na hadithi ya Marekani zikasomwa pamoja meza moja. Wapo Wayahudi waliokasirika wakisema unachukua kitu chetu unakigeuza cha kila mtu. Wengine mpaka leo wanaiga. Leo sederi za namna hiyo zipo nyingi na zile nyimbo za watumwa wa Kusini zinaimbwa kwenye nyumba za Wayahudi ambao hawajawahi kukanyaga Texas.

Hii sehemu ndo nzuri, kila mtu anapenda kuisimulia, na marafiki zangu wengi walilelewa nayo tu. Ila haijakamilika, na ndo maana ikifika Juni wanabishana.

Torati inayosimulia kutoka Misri ndo hiyohiyo yenye sheria za watumwa. Mwebrania anatumika miaka sita wa saba anaachwa, sawa, lakini Walawi 25 inasema mgeni unaweza kumnunua na kuwarithisha watoto wako. Januari 4, 1861, siku ambayo rais wa wakati huo alitangaza mfungo wa kitaifa kuomba nchi isivunjike, rabi Morris Raphall wa New York, kule Kaskazini kabisa, alisimama akahubiri kwamba kwa mujibu wa Biblia kumiliki watumwa sio dhambi. Alisema pia kwamba Kusini wanamfanya mtumwa kama kitu na hiyo siyo Biblia, lakini nani alisikiliza hilo, wenye watumwa walichukua wanachokitaka. Wayahudi wenzake walimjibu vikali. Mkali kuliko wote alikuwa rabi David Einhorn wa Baltimore, mji wenye watumwa, yeye alisema ni aibu kwa watu waliotoka utumwani kusimama upande wa Farao, na Aprili mwaka huohuo vurugu zilipolipuka mjini ikabidi akimbie na familia yake kwenda Philadelphia.

Na haikuwa maneno tu. Judah Benjamin, seneta Myahudi wa Louisiana, alikuwa na shamba la miwa lenye watumwa kama 140, na Kusini ilipoasi akawa mwanasheria mkuu wake, akawa waziri wa vita, akamalizia waziri wa mambo ya nje. Upande mwingine August Bondi, mhamiaji kutoka Vienna, alipigana Kansas bega kwa bega na John Brown, yule mzungu aliyeshika silaha kupinga utumwa, dhidi ya wenye watumwa. Watu wa dini moja, wanasoma Hagada moja.

Kuna kisa kimoja nakipenda mno. Pasaka ya mwaka 1862, askari Wayahudi wa kikosi cha 23 cha Ohio, jeshi la Lincoln, walikuwa kambini milimani huko West Virginia ya leo wakaomba ruhusa wafanye sederi. Mmoja wao, Joseph Joel, aliandika baadaye ilivyokuwa. Mikate waliletewa kutoka Cincinnati, mwanakondoo na kuku wakapata vijijini, mboga chungu wakachuma majani fulani porini yaliyowaunguza midomo kama moto mpaka wakanywa mvinyo wa tufaha kupita kiasi, mmoja akajiona Musa, mwingine Haruni, mwingine Farao. Haroseti walikosa. Wakachukua tofali lenyewe wakaliweka mezani walitazame. Hebu liwaze hilo tofali, watu wako vitani kwenye vita ambayo mwishowe itamaliza utumwa, na wiki hiyohiyo Aprili 16 Lincoln anasaini sheria ya kuwaacha huru watumwa wa mji wa Washington. Miaka miwili baadaye, Pasaka ya 1864, askari Myahudi wa jeshi la waasi, Isaac Levy, anamwandikia dada yake kutoka South Carolina kwamba yeye na kaka yake wamepata mikate ya kutosha wiki nzima na wanaishika sikukuu. Naye alikuwa anakumbuka kwamba tulikuwa watumwa, huku amevaa sare ya jeshi linalopigania utumwa.

Na wakati huohuo wao wenyewe hawakuwa salama. Desemba 17, 1862 Jenerali Ulysses Grant, jemadari wa Lincoln, alitoa amri Wayahudi wote wafukuzwe kwenye eneo lake la kijeshi, akiwatuhumu kwa biashara haramu ya pamba. Mfanyabiashara mmoja wa Paducah, Kentucky, Cesar Kaskel, akakimbilia Washington akamwona Lincoln, na amri ikafutwa mwanzoni mwa Januari 1863, siku chache tu baada ya tangazo la kuwaacha watumwa huru. Wiki moja, rais mmoja, karatasi mbili. Kwa hiyo anayesema Wayahudi walikuwa wanyonge pia yuko sahihi na anayesema wapo waliokuwa mabwana yuko sahihi, kuonewa hakumzuii mtu kuonea.

Vita ilipofika mwisho, Aprili 1865, Lee alisalimu amri Jumapili, na Jumatatu jioni ilikuwa sederi, Wayahudi wa Kaskazini walikaa mezani na furaha ya ajabu. Ijumaa Lincoln akapigwa risasi, Sabato ya katikati ya Pasaka masinagogi yamejaa ndo habari inafika kwamba amefariki, na marabi wakamlinganisha na Musa aliyeiona nchi kwa mbali hakuingia.

Sasa turudi Galveston, maana Wayahudi walikuwepo hapo pia. Mji ule ulikuwa na meya Myahudi, Michael Seeligson, tangu 1853, zama za utumwa bado zimepamba moto. Halafu kati ya 1907 na 1914 Wayahudi kama 10,000 waliokimbia mateso ya Urusi walishukia bandari hiyohiyo, wakipokelewa na rabi Henry Cohen. Bandari moja, imeingiza watu wakiwa bidhaa, imesomewa amri ya uhuru, imepokea wakimbizi.

Rafiki yangu mmoja wa New York babu yake ni wa kundi hilo la mwisho, kashuka Galveston miaka arobaini na kitu baada ya Granger na begi moja, na yeye msimamo wake siku zote ulikuwa kwamba ninaheshimu Juneteenth, nafunga ofisi, ila usinihusishe na dhambi za utumwa wa Marekani, familia yangu haikuwepo. Na Wayahudi wengi wa Marekani wangesema hivo, kwa sababu wengi wao familia zao zilifika baada ya 1880. Rafiki yetu mwingine ni Myahudi mweusi, mama yake ni wa Texas na watu wake walikuwepo siku ile, akamsikiliza mpaka mwisho halafu akamwambia: Misri pia hukuwepo, na kila mwaka unasema tulikuwa.

Yule wa New York hakuwa na jibu na nadhani hakuna jibu. Huwezi kukaa mezani Aprili ukasema miaka elfu tatu iliyopita nilikuwepo mimi mwenyewe, halafu Juni useme miaka mia na sitini iliyopita hainihusu maana sikuwepo. Kama kumbukumbu yako inavuka damu na miaka, inavuka pande zote, inakufikisha kwenye tofali la Joel na inakufikisha kwenye shamba la Benjamin.

Huyo dada wa Texas yeye anasema hana pa kukimbilia, pande zote mbili ni kwao. Taasisi ya utafiti ya Pew mwaka 2020 ilikuta Wayahudi weusi ni kama asilimia 1 tu ya Wayahudi watu wazima wa Marekani, kwa hiyo akiingia sinagogi ngeni mara nyingi mtu wa kwanza kumsalimia anamuuliza amebadili dini lini. Hajabadili, amezaliwa nayo. Wapo wanaolifanya hilo kuwa utajiri, mpishi na mwanahistoria wa chakula Michael Twitty, mweusi na Myahudi, ameandika sana kuhusu meza ambayo vyakula vya watumwa wa Kusini na vya Kiyahudi vinakaa pamoja. Ila rafiki yangu ana jambo linalomkera, ni pale masinagogi yanapoichukua Juneteenth na kuigeuza kuwa Pasaka ya pili, mara sahani ya alama, mara maswali manne ya watoto kama ya sederi, mpaka watu weusi wenyewe wanabaki wageni kwenye sikukuu yao. Anachosema ni kwamba njoo kwetu Houston, kaa, kula nyama choma, kunywa kinywaji chekundu, msikilize bibi akisimulia, siku hiyo usiongoze wewe. Nakubaliana naye kabisa.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hii habari haiko mbali. Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, Waafrika waliofuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipojitenga na dini ya Wazungu na kutahiriwa mwaka 1919. Idi Amin aliwapiga marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakahama dini, waliobaki walisali kwa kujificha. Kampala ilianguka mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wenzao wa Uganda Aprili 11, 1979, na jioni ya siku hiyo ndo ilikuwa inaingia Pasaka. Wakisema pale juu ya kilima cha Nabugoye kwamba tulitolewa, wazee wao wanasema kitu walichokiona kwa macho. Na pwani yetu je? Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukaondolewa kisheria Aprili 1897, mtumwa akitaka uhuru wake aende mahakamani kuuomba, na fidia ikalipwa kwa bwana aliyempoteza. Hatuna siku tunayoikumbuka hiyo. Mimi inaniuma.

Fidia ndo fundo la mwisho na ndo gumu kuliko yote. Ile sheria ya Washington ya Aprili 1862 nayo ililipa mabwana, mpaka dola 300 kwa kila mtumwa aliyeachwa. Walioachwa hawakulipwa kwa kazi yao. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri wapewe mashamba ya hadi ekari 40 kwenye pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, watu kama 40,000 wakaanza kulima, na kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akairudisha ardhi kwa wenyewe wa zamani, wale walioasi! Torati hapa haina utata. Kumbukumbu la Torati 15 inaamuru ukimwacha huru mtumwa, ndugu yako Mwebrania, usimwache aende mikono mitupu, mpe kwa ukarimu kutoka zizini kwako, kutoka kwenye nafaka yako, kutoka kwenye divai yako, na ukumbuke ulikuwa mtumwa Misri. Na Waisraeli wenyewe Kutoka 12 inasema waliondoka na fedha, dhahabu na nguo za Wamisri. Sasa iweke hiyo pembeni ya Amri Namba 3 inayosema hamtalishwa mkikaa bure.

Wayahudi wanaujua ubishi wa fidia kutoka ndani. Mwaka 1952 bunge la Israeli lilipojadili kama nchi izungumze na Ujerumani Magharibi ilipwe fidia ya waliyofanyiwa Wayahudi wakati wa Hitler, Yerusalemu kulikuwa na fujo mpaka mawe yakarushwa bungeni, watu waliopoteza wazazi wao wakilia kwamba hizo ni pesa za damu, kuzipokea ni kuwasamehe, na wengine wakisema muuaji asibaki na mali ya aliyemuua. Zilipokelewa. Na Desemba 2019 umoja wa masinagogi ya Reform, dhehebu kubwa kuliko yote ya Wayahudi wa Marekani, ulipitisha azimio la kuunga mkono tume ya kuchunguza fidia ya utumwa. Mswada wa tume hiyo aliuanzisha mbunge John Conyers mwaka 1989 na baadaye ukapewa namba 40 kwa sababu ya zile ekari, ulivuka kamati kwa mara ya kwanza Aprili 2021, na hakuna Bunge zima lililowahi kuupigia kura.

Marafiki zangu wenyewe bado hawajaelewana. Wa New York siku hizi anakubali kuna deni, ila anasema la serikali, ilipe Washington iliyoandika sheria. Wa Texas anasema serikali ilipe ndiyo, lakini aya ya Torati haikuandikiwa serikali, imeandikiwa mtu mwenye zizi na ghala, kwa hiyo sinagogi lenye jengo na akiba lianze lenyewe na watu weusi wa mtaa wake bila kungoja Bunge. Walichokubaliana mpaka sasa ni kwamba sederi ijayo Amri Namba 3 itasomwa yote mpaka mstari wa mwisho, ifuatwe na Kumbukumbu la Torati 15, halafu mjadala uendelee hapohapo mezani watoto wakiwa bado macho.